Mkeka wa Sita kwa Sita

Nikiri mapema mnicheke tumalizane: mimi ni mwalimu wa hisabati, na siku ya ndoa yangu mwenyewe niliaibishwa na mraba. Wala si mraba mgumu. Ni huu wa kawaida, pande nne zinazolingana, ule ule ambao wiki hiyo hiyo nilikuwa nimesimama mbele ya kidato cha kwanza nikiwaambia watoto wa watu kwamba eneo lake ni upande kwa kipeo cha pili, na kwamba anayeandika tatu kwa kipeo cha pili ni sita atakuja kuumbuka ukubwani (niliwaambia hivyo hivyo, kwa sauti).

Chanzo ni baba mkwe. Nilipopeleka posa Kaole nilikuwa na watu wachache sana, maana mimi kwetu Lugoba nimezaliwa peke yangu, wazazi wameshatangulia mbele ya haki, na ndugu niliobaki nao ni shangazi yangu Bi Zuhura wa Mkange na wanawe. Mzee Mbwana, baba yake Mwanaidi, alitupokea vizuri, akatupa kahawa na kashata, kisha akasema kwa upole, "Kijana tumemwona, hana neno. Ila watu hana." Posa ikakubaliwa, lakini maneno yale nililala nayo na kuamka nayo. Yaliniuma. Niliogopa mzee atanipa binti yake huku moyoni akinihesabu mtu asiye na kwao.

Sasa ukoo ule wana desturi yao: bwana harusi huja na mkeka mpya wa ukindu, wa mraba, watu wake wakae juu yake, na walii, yaani baba wa binti, hampi mkono wa kuozesha mpaka mkeka ujae, kwa sababu nafasi tupu kwao ni mkosi. Kawaida huwa mita tatu kila upande, wanaenea watu tisa kwa raha. Mimi nikajipiga kifua, nikahangaika huku na huku, walimu wenzangu, majirani, binamu zangu wote, nikapata watu kumi na wanane, halafu nikampigia shangazi, ambaye ndiye msukaji, nikamwambia watu ni mara mbili, kwa hiyo upande nao uwe mara mbili, mita sita.

"Sita, baba?" akauliza shangazi. "Hautakuwa mkubwa mno huo?"

"Shangazi, hesabu ndiyo kazi yangu."

"Haya, wewe ndiye uliyesoma."

Tatu kwa kipeo cha pili ni tisa. Sita kwa kipeo cha pili ni thelathini na sita. Ukizidisha upande mara mbili, eneo linakuwa mara nne, na hili nalijua hata nikiwa na homa, ila nikiwa na harusi sikulijua. Shangazi na wanawe wakasuka, wakashona, wakamaliza ukindu wote wa pale Mkange wakaagiza mwingine, na hakuna aliyethubutu kuniuliza tena.

Siku yenyewe kirikuu kikafika Kaole na mkeka umeviringishwa, umetokeza nyuma, dereva kaufunga kitambaa chekundu kama mzigo wa nondo. Nikajiambia labda wameuviringisha vibaya (mtu akishakosea hesabu hutafuta kosa kwingine). Sebuleni haukuingia. Tukautandika uani, banda la kuku likahamishwa na kuku wenyewe wakiwa ndani, na hata hivyo pembe moja ikapanda ukutani. Watu wangu kumi na wanane wakakaa nusu moja, nusu ya pili ukindu mtupu unang'aa, ungeweza kuanika mpunga wa mtaa mzima.

Nikawanong'oneza wenzangu watanue magoti. Mwalimu wa jiografia alitanua mpaka akawa amelala.

Shehe akatazama saa, maana alikuwa na ndoa nyingine mjini. Mzee Mbwana akautazama mkeka, kisha akanitazama mimi.

"Wengine wako njiani, siyo?"

"Wako njiani, baba," nikasema, na uongo ule ulinitoka kwa adabu sana.

Nikamtuma binamu yangu nje alete mwanamume yeyote, awe na kofia au hana. Wakaanza kuingia: muuza madafu, mafundi waliokuwa wakipiga lipu nyumba ya jirani, saruji bado mikononi, na kijiwe kizima cha bodaboda. Kila mmoja anatoa salamu, anavua viatu, anakaa. Wa mwisho alikuwa dereva wa bodaboda aitwaye Shabani, akakaa kwenye pembe iliyopanda ukutani, helmeti mapajani, na mkeka ukajaa.

"Hawa wote ni watu wako?" akauliza Mzee Mbwana.

Kabla sijafungua mdomo, Shabani, ambaye tangu nizaliwe sijawahi kumwona, akajibu, "Ndiyo, mzee. Huyu tumekua naye."

Mkono nikapewa, nikaozeshwa, nikamshukuru Mungu, na pilau ikaletwa. Pilau ilipikwa kwa hesabu ya wale kumi na wanane. Masinia yalitua upande wetu yakaisha, yakaletwa ya wazee wa Kaole nayo yakaisha, na baba mkwe wangu, siku anayomwoza bintiye, akala kachumbari na ndizi moja. Nilitamani ardhi ipasuke. Ndipo fundi mmoja wa lipu, mdomo umejaa, akamgeukia mzee mwenyewe akamuuliza, "Samahani mzee wangu, kwani hapa anaoa nani?"

Vichwa vyote vikamgeukia mzee. Hata kuku walichungulia.

Mzee Mbwana akamenya kipande cha mwisho cha ndizi yake. "Anaoa ndugu yako," akasema. "Kula."

Tangu siku ile hajasema tena kwamba sina watu. Anasema ninao kupita kiasi, na ni kweli, maana Shabani anamwita mke wangu shemeji na mafundi wa lipu hawakosi Idi hata moja. Juzi tulipopanga akika ya mwanetu, Mwanaidi aliniuliza tupike mchele kilo ngapi. Nikamwambia amuulize mtu mwingine.