Nilikimbia Madalali, Nikanunua Gari kwa Baba Mkwe

Admin, nifiche jina tafadhali, maana shemeji zangu wamo humu na wanasoma kila kitu.

Mimi ni mwanaume wa miaka 37, nina mke na watoto, naishi Kasulo, wilaya ya Ngara. Nina udhaifu mmoja, mtanicheka: siwezi kupatana bei. Hata nyanya sokoni nanunua kwa bei ya kwanza, mke wangu akisikia anashika kiuno. Sasa nikahitaji gari. Mama yangu yuko Nyakisasa, mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, na kumpandisha bodaboda mpaka hospitali ni kumtesa. Nikaenda Kahama kuangalia magari. Madalali wakanizunguka, huyu "bosi, leta ofa," huyu kanishika mkono, yule anadai mteja mwingine yuko njiani. Nilirudi nyumbani kichwa kinauma, gari sina.

Baba mkwe akasikia. Alikuwa na gari dogo jeupe, zima kabisa, la kwendea misa Jumapili. Akaniita, akataja bei, nikakubali palepale, kwa sababu huku kwetu hubishani bei na baba wa mkeo. Nilifurahi jamani! Hakuna dalali, hakuna jasho. Nikalipa yote. Siku ya kukabidhiwa funguo, mbele ya wazee wa ukoo wao, nilipokea kwa mikono miwili nikasema, "Asante baba. Gari hili ni lako, mimi dereva tu." Si ndivyo tunavyowaambia wakwe? Ni adabu tu! Wazee wakapiga makofi. Kumbe mkwe kaichukua kauli ile kama ilivyo.

Tangu siku hiyo ni "gari retu." Ndivyo anavyotamka, na hiyo "retu" inanikera hadi usingizini. Simu ikiita nasema, "Shikamoo baba." Ananijibu, "Marahaba mwanangu, gari retu halijambo?" Hapo najua linaondoka. Limebeba kwaya, limebeba mikungu ya ndizi za harusi, limebeba jumuiya nzima. Linarudi tanki tupu, maganda ya karanga kwenye viti, na mimi natabasamu.

Yote hayo nilivumilia. Lakini juzi madaktari wa macho walikuja hospitali, na mama alikuwa ameandikishwa afanyiwe upasuaji. Alikaa mlangoni tangu alfajiri na khanga yake mpya, anasikiliza muungurumo wa gari langu. Mimi niko kwa mkwe nafuata gari, naambiwa limepeleka kwaya Biharamulo. Mama akapanda bodaboda. Alifika amejaa vumbi, wagonjwa wa siku ile wameshapokelewa, akarudishwa. Nilipomwomba msamaha alinijibu, "Hakuna shida mwanangu, gari huwa lina kazi nyingi." Nililia, sioni aibu kusema.

Nikamwambia mke wangu naenda kuzungumza na baba yake. Akanikamata shati. "Utamwambia nini? Ulitamka mwenyewe mbele ya wazee kwamba ni lake. Ukimnyang'anya leo, mimi nitaingia pale nyumbani kwa uso gani?" Na kweli, mzee si mtu mbaya. Alinipa binti yake sina kitu, hakunisumbua kwa mahari. Nikimkumbuka hivyo mdomo unakuwa mzito.

Madaktari wanarudi mwezi ujao. Jana mkwe kapiga simu: wiki hiyohiyo shemeji yangu anaoa, "gari retu" ndilo la maharusi. Nikajibu, "Sawa baba." Nilijisikia nikijibu, na sikuweza kujizuia.

Halafu jioni mama naye akapiga. Akauliza gari langu lina rangi gani. Nikamwambia jeupe. Akacheka, akasema wakimfungua bandeji anataka aanze kuona hilo, ndipo aangalie watu.

Ndugu zangu, nyie mnaojua kusema hapana, nielekezeni. Namwambiaje baba mkwe kwamba gari ni langu? Au nimwambie mama kwamba si langu?