Uso wa Asmahani chini ya Kanga

Mwatumu binti Jumbe alikuwa msukaji mikeka wa Makorora, na wanaomkumbuka miaka ile ya hamsini watakwambia kuwa mikono yake ilikuwa haitulii. Hata akienda kilioni, mkobani mna ukindu. Lakini macho yake ndiyo yaliyokuwa wezi. Kila akishuka mjini Ngamiani kuuza, lazima asimame mbele ya dirisha la duka la picha, awatazame watu waliotundikwa humo: Magoa na maharusi wao, manamba wa mkonge ndani ya makoti ya kuazima, watoto wa Kihindi waliokalishwa kitako wakanuna. Akirudi nyumbani, kitu kimoja cha dirishani kitaingia mkekani.

"Mama, leo umeiba nini?" Laurenti humuuliza. Huyu alikuwa Mbondei mmoja mpole, kazi yake dukani ni kuzipitia picha kwa penseli nyembamba, amfutie mtu kovu, amnyooshee mwingine nyusi.

"Nimeiba madoadoa ya gauni la yule Mgoa. Nenda kanishitaki bomani!"

Alipoolewa Asmahani, mwanawe wa pekee, Mwatumu akataka picha. Laurenti akaja uani na kamera ya dukani. Lo! Wanawake wakachachamaa. Somo yake biharusi akasimama katikati, mikono kiunoni: "Mwanamume gani huyu wa kumwona mwari kabla ya mumewe?" Mwatumu akacheka, akachukua kanga mpya, akamfunika mwanawe kutoka utosini hadi kiunoni.

"Mpige hivyo hivyo, baba. Uso wake si ninao mimi hapa? Siku nyingine utampiga bila kanga."

Ikapigwa. Katika picha ile unaona kanga ya maua, na mikono miwili yenye hina imetulia mapajani. Basi.

Siku nyingine haikuja. Asmahani alifia uzazini mwaka uliofuata, yeye na kichanga chake, wakazikwa pamoja.

Mwanzoni Mwatumu akifumba macho alimwona. Akisuka anamwona, akisali anamwona. Kisha, pole pole, uso ukaanza kumkimbia. Sauti ilibaki, mwendo ulibaki, hata namna alivyokuwa akipiga chafya. Asubuhi moja anachuja tui, akaitafuta pua ya mwanawe asiione. Akaliacha tui lile pale pale, akatupia buibui, akashuka Ngamiani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Laurenti, nichoree mwanangu kabla sijamsahau."

Laurenti akasafisha nakala nyingine ya picha ile ya harusi, wakaketi wawili nyuma ya duka. Mwatumu anasema, Laurenti anachora juu ya kanga. Uso wa mviringo. Hapana, umezidi. Midomo. Siyo, hiyo ya Mgoa wa dirishani, futa.

"Alikuwa na jicho moja linalochelewa kucheka."

"Mama, jicho linachelewaje kucheka?"

"Midomo inacheka kwanza, mwanangu. Jicho la kulia nalo linacheka. La kushoto ndipo linafuata."

Laurenti akaishika penseli juu juu, asijue pa kuishusha. Mwisho akachora macho mawili mazuri, sawasawa, kama alivyozoea. Kufikia hapo Mwatumu alikuwa amechoka. Kila uso uliofutwa ulimwondokea na kipande cha ule wa kweli, mpaka akawa anakataa bila kujua anachokikataa anakipimia wapi.

"Ndiye," akasema.

Nyumbani, jirani yake Mwanasiti, mwanamke wa mizaha, akaipokea kwa mikono miwili. "Huyu huyu! Kasoro kunena tu, aniambie, 'Bi Mwanasiti, rudisha kinu chetu!'" Wanawake wakacheka, wakafuta machozi. Nani pale angethubutu kusema jingine? Picha ikatundikwa ukutani.

Mwatumu alikuwa na ndugu yake, Mwinyijuma, mchuuzi wa machungwa huko Muheza. Asmahani alipokuwa mdogo alikaa sana kwake, naye mjomba akimbeba mabegani sokoni. Habari za mchoro hakuwa amezisikia. Akaja na kikapu chake, akasimama sebuleni, akatazama ukutani.

"Huyu nani, dada?"

"Nani vipi? Asmahani."

Mwinyijuma akasogea. Akatazama tena. "Dada, huyu si Asmahani."

Mwatumu akafumba macho apate kumbishia. Akaja yule wa karatasi. Akayafumba kwa nguvu zaidi. Yule yule wa karatasi, macho sawasawa, anamtazama. Akamgeukia ndugu yake.

"Wewe unamwona?"

"Namwona."

"Yukoje?"

Mwinyijuma akaanza kumweleza: paji la uso, meno, lile jicho la kushoto. Maneno yote ya kweli, na Mwatumu aliyajua kuwa ya kweli, ila kila neno lilikwenda kumkaa yule wa karatasi, kama kumvika mgeni nguo za marehemu. Na Mwinyijuma naye, kila akitafuta neno, alikuwa anainua macho ukutani.

"Usimtazame!" Mwatumu akamrukia, akamziba macho kwa viganja. "Usimtazame, Mwinyijuma! Umebaki wewe tu."

Picha ikashushwa, ikafungiwa kashani. Lakini iliyokwisha kuingia kichwani haikutoka. Dirishani kwa akina Laurenti hakusimama tena, na mikeka yake ikawa myeupe, wanunuzi wakanung'unika.

Kikamshinda kila kitu ila kumngoja ndugu yake. Akija tu, kabla hajapewa maji, anaulizwa:

"Bado unamwona?"

"Namwona, dada."

Basi siku hiyo Mwatumu hula akashiba. Hata msimu mmoja wa machungwa Mwinyijuma akaja, akaulizwa vile vile, naye badala ya kujibu akainama kufungua kikapu. Mwatumu akaiangalia mikono ya ndugu yake ikihangaika na kamba isiyokuwa na fundo. Hakumuuliza tena, siku ile wala nyingine.