Siku Tata Alipokusanya Karatasi za Serikali

Kuna watu wa rika langu huko Kericho ambao mpaka leo wakiniona sokoni hawanisalimii kama wanavyosalimia watu wengine, wananyoosha mikono yote miwili juu kama mtu aliyeshikwa na askari, halafu wanaangua kicheko, na mimi sina la kufanya ila kucheka nao, maana aibu ukikaa nayo miaka mingi inageuka kuwa kama jamaa ya nyumbani, unaivutia kiti. Basi kwa kuwa mmeniuliza nitasema yote, na mkitaka kucheka chekeni, ila msimcheke baba yangu peke yake, kwa sababu kosa lilikuwa langu na lilianza na maneno matatu tu niliyosema asubuhi ile: "Haya, twende wote."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na ninakaa na wazazi wangu kwenye nyumba za wafanyakazi katika shamba moja la majani chai (jina la shamba niachieni, wasije wakanidai kitu). Sisi ni Wakisii. Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, alivuka vilima kuja kutafuta kazi kabla sijazaliwa, akachuma majani mpaka mgongo ukakataa, ndipo wakampa kazi ya kukusanya vikapu. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: king'ora cha kiwandani kikilia saa nne, wachumaji wote wanasimama palepale walipo, hakuna kuongeza hata jani moja, na Tata anapita mstari kwa mstari akikagua kikapu cha kila mtu, anatia mkono mpaka chini kuona kama umeficha majani magumu, kikiwa sawa anakibeba kwenda kwenye mizani na kikiwa hakijajaa anakurudishia papo hapo mbele ya watu. Hakuwa na upendeleo. Mama yangu mwenyewe alirudishiwa kikapu mara mbili, na siku hizo tulikula ugali kimya kimya.

Sasa mwaka ule ulikuwa wake wa mwisho kazini, na nyumba ilikuwa ya kampuni, kazi ikiisha unarudisha funguo. Kule Kisii shamba la babu lilikuwa limegawanywa na kugawanywa tena mpaka fungu letu likabaki mahali pa kufungia mbuzi mmoja, tena mbuzi mwenye adabu. Kwa hiyo barua iliponifikia kwa mkono wa chifu, kwamba naitwa kufanya mtihani wa kuingia ukarani wa serikali, haikuwa barua yangu peke yangu. Nikipita nitakodi nyumba Kericho na wazee wangu watalala ndani. Nikianguka, hakuna aliyejua tungelala wapi, na hakuna aliyetaka kuuliza.

Watu waliuita mtihani wa akili. Mama aliposikia jina hilo alishika kichwa na kuuliza, "Kwani wanafikiri wewe ni wazimu? Nani amewaambia?" Ikabidi nimweleze kwamba ni maswali ya haraka haraka tu, namba zinazofuatana useme ipi inakuja mbele, picha tano uonyeshe ile ambayo si ndugu ya wenzake, hesabu za treni mbili zinazokutana njiani (sisi tuliokuwa tukiiona treni siku tukifika Fort Ternan tu, nayo ikiwa moja), na yote hayo ndani ya nusu saa. Mwalimu mmoja aliniazima maswali ya zamani niyanakili. Akili nilikuwa nayo kiasi. Kitu ambacho sikuwa nacho ni saa.

Tata ndiye aliyepata dawa. Kiwanda kilikuwa na king'ora cha saa tatu na nusu, cha kuwaambia wachumaji wajiandae, na kile cha saa nne, cha kupima. Katikati yake ni nusu saa kamili, haizidi wala haipungui. Basi kila asubuhi nikawa nakaa kwenye kibanda cha mizani na ubao juu ya magoti, king'ora cha kwanza nashika kalamu, cha pili naiachia, nasimama, nanyoosha mikono yote miwili juu na kupiga kelele, "Tata, tayari!" Mikono juu ilikuwa amri yake, ili aone kwamba sijaiba hata dakika. Naye kabla hajagusa kikapu cha mtu yeyote anakuja kwanza kwangu, anachukua karatasi, anaikagua juu na chini ingawa hajui kusoma hata herufi moja, na akiona mahali peupe anasema, "Hii bado. Kikapu yako iko nusu." Miezi miwili mizima. Wachumaji wakawa wananiombea, na nyapara mwenyewe, mtu ambaye hakuwahi kumhurumia hata mgonjwa, akawa anawafukuza watoto wasije kunisumbua.

Siku ya mtihani nikaamka, nikavaa, na nikamkuta Tata mlangoni amevaa koti lake la kanisani, kofia yake, tai ya mtu fulani, na kikapu mkononi. Alikuwa ameomba ruhusa kazini, yeye ambaye hata siku niliyozaliwa alikwenda kuchuma majani.

"Nitakaa nje tu," akasema. "Kwa fensi. Sitaongea na mtu."

Ningeweza kumwambia abaki. Niliiangalia ile tai. Nikasema, haya, twende wote.

Ukumbi ulikuwa wa kanisa moja, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na kiwanda cha chai. Hilo nililiona na sikulifikiria, na hapo ndipo mwenye akili halisi angefikiria. Tulikuwa vijana sitini na kitu, wengine wametoka Silibwet, wengine Boito, wamelala njiani, na karibu wote watoto wa majani chai kama mimi. Mtihani ulikuwa uanze saa tatu, lakini mvua ya usiku ilikuwa imeharibu barabara na ofisa kutoka Nairobi akafika amechelewa, viatu vimejaa matope na hasira imemjaa yeye. Akagawa karatasi na kutuamuru tuanze ikiwa saa nne kasoro dakika kumi. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa zamani. Hatujamaliza hata ukurasa wa kwanza, dereva wake akachungulia dirishani akisema gari linateleza lenyewe kuelekea mtaroni, na ofisa akatoka mbio akituachia neno moja, "Endeleeni!"

Nilikuwa mstari wa mbele. Nilikuwa nakwenda vizuri, nawaambieni kweli, ile ya namba nilikuwa naimaliza kama mtu anayekula njugu. Halafu king'ora kikalia.

Sikuamua kitu. Ningependa mnielewe hapo. Kalamu ilianguka yenyewe, miguu ikasimama yenyewe, mikono ikaenda juu, na sauti iliyotoka kwangu ilitikisa mabati: "Tata, tayari!"

Hata hapo pengine ningekaa chini na kujifanya nimeumwa na siafu. Lakini wale wenzangu, watoto wa vikapu wote, walikuwa wamesikia king'ora na kumwona mtu wa mbele amesimama, na walikuwa wamefundishwa tangu wakiwa mgongoni kwamba king'ora kikilia hakuna kuongeza hata jani, basi kalamu zikaanza kuanguka nyuma yangu moja moja, wengine wakisimama, wengine wakiguna kwamba nusu saa gani hii fupi namna hii. Na mlango ukafunguliwa.

Tata aliingia na kofia yake. Hakuniangalia mimi kama baba anavyomwangalia mtoto, aliniangalia kama kazini. Akachukua karatasi yangu, akaikagua juu na chini, akaitia kikapuni. Nikasema kwa sauti ndogo, "Tata, hapana," lakini alikuwa amekwisha kwenda kwa mtu wa pili, na huyo wa pili, akiona mzee wa koti na tai na kofia anayenyoosha mkono bila kubabaika, akampa. Wa tatu akampa na kusema, "Asante, Bwana." Mstari kwa mstari, jamani! Ukumbi mzima ukimpa karatasi za serikali mzee ambaye hakujua ziliandikwa nini, na mimi nimesimama mbele mikono bado iko juu, kwa sababu nilisahau kuishusha.

Wawili tu aliwarudishia. Mmoja alikuwa kijana wa nyuma, na wa pili msichana wa Boito aliyeitwa Chepkemoi, ambaye alikuwa ameandika polepole na kwa uangalifu. Tata aliikagua karatasi yake, akatikisa kichwa kwa huruma na kumwambia, "Hapana, mtoto yangu. Hii iko nusu. Jaza kwanza." Naye Chepkemoi, msichana mwenye utii, akakaa chini akaendelea kujaza.

Mngedhani imetosha. Ndani ya kile kikapu, chini ya karatasi, kulikuwa na viazi vitamu vyangu na chupa ya chai ya maziwa iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Ofisa aliporudi, matope sasa yamefika magotini, Tata alikuwa anamngoja mlangoni kwa heshima zote, akampokeza kikapu kwa mikono miwili, na gunzi likachomoka. Nilisikia chai ikibubujika, glu, glu, glu, mpaka ikaisha.

"Wewe ni nani?" ofisa akauliza.

Tata akavua kofia na kunyoosha kidole kwangu, na uso wake, Mungu wangu, ulikuwa umejaa fahari. "Mimi ni baba ya huyu."

Sitawasimulia kila neno la ofisa, mengine yalikuwa ya Kiingereza na mengine hayakuwa ya kanisani. Kwa kifupi, karatasi zililowa zote, wenye karatasi kikapuni wakaambiwa warudi baada ya wiki mbili, na jina langu likafutwa kwa kalamu nyekundu mbele yangu. Wale wawili wenye karatasi kavu wakaruhusiwa kumalizia. Tata alipoelewa alichofanya, alikuja akasimama mbele yangu.

"Bwana, piga mimi," akasema. "Huyu nilimfundisha mimi. Yeye hajui kuiba hata dakika."

Ofisa akaniambia, bila kuniangalia, nijaribu tena mwaka ujao.

Tulirudi kwa miguu. Huko nyuma vijana waliotakiwa kurudi tena kutoka Silibwet walikuwa wananiita majina ambayo mama yangu hakunipa. Nilikuwa na hasira, siwafichi, nilikuwa nimepanga maneno makali tangu tulipovuka daraja. Tulipofika penye vichaka vya kwanza vya shamba letu Tata akasimama, kikapu kitupu mkononi, tai imepinda, akaniuliza, "Momanyi, lakini ile kukusanya, nilikusanya vizuri?"

Maneno makali yote yakanipotea.

"Vizuri, Tata. Hakuna hata moja ilianguka."

Mwaka ukaisha na siku ya kurudisha funguo ikawa wiki ijayo. Mama alikuwa anafunga sufuria kwenye shuka, hatujui tunafunga kwenda wapi, wakati mzee mmoja Mkipsigis alipobisha hodi akiwa na binti yake nyuma. Ni Chepkemoi. Alikuwa amepita mtihani, ameajiriwa, na amevaa viatu vya ofisini.

"Chamgei," yule mzee akasalimia, tukaitikia. "Huyu mtoto alisema kama si wewe kumrudishia karatasi, angepeana ikiwa nusu kama hao wengine. Mimi niko na nyumba ya zamani kwa shamba yangu huko Boito. Iko na mabati. Na niko na majani, sina mtu wa kuniambia ukweli kama wachumaji wanachanganya. Kuja."

Tata alilia. Mimi pia nililia, ila nilijificha nyuma ya mlango, na Chepkemoi aliniona, na hilo amenikumbusha katika kila ugomvi wa ndoa yetu.

Wiki ile tukahamia Boito. Mwaka uliofuata nikaitwa tena, ukumbi uleule, ofisa yuleyule. Usiku uliotangulia niliificha kofia ya Tata kwenye gunia la mahindi, maana nilijua bila kofia hatatoka nyumbani. Kabla ya alfajiri nikapanda basi la kwanza, peke yangu kama mwizi. King'ora kililia katikati ya mtihani, na nililishika benchi kwa mikono miwili mpaka kikanyamaza. Ofisa alipita karibu yangu, akasimama, akauliza polepole, "Na mzee?" Nikamwambia, "Yuko nyumbani, Bwana." Nadhani alitabasamu, ila sikuthubutu kuinua macho.

Nilipotoka nje, nilimwona Tata, amenifuata kwa basi la pili. Hakukaa kwenye fensi, alikuwa mbali zaidi, ng'ambo ya barabara, kati ya vichaka vya chai, kichwa wazi kwenye manyunyu, na mikono yake yote miwili ameifunga nyuma na kuishikilia kwa nguvu. Alikuwa amesikia kile king'ora, naye pia alikuwa ameshikilia kitu.

Nilikuwa na karatasi moja ya hesabu za pembeni ambayo walituruhusu kutoka nayo. Nikavuka barabara, nikasimama mbele yake, nikanyoosha mikono yote miwili juu, watu wakituangalia, na nikasema, "Tata, tayari." Akaifungua mikono yake taratibu, akaipokea ile karatasi, akaikagua juu na chini.

"Hii imejaa," akasema.

Kazi niliipata, na Tata aliishi kwenye nyumba yangu mpaka mwisho wake. Nami niliapa siku ile kwamba sitamwacha tena mzee wangu nyumbani kwa ajili ya kuogopa aibu, na kiapo hicho nilikitimiza, ila nikisikia king'ora popote pale, hata sasa na mvi hizi, natafuta kwanza mahali pa kukaa.