Handaki la Nyuma ya Jiko Letu

Nilikuja Tunduma kwenye harusi ya mpwa wangu, nikanaswa na kijana mmoja anayewatembeza wageni kwa miguu akiwasimulia mji ulivyokuwa enzi za vita vya ukombozi kule kusini, ndege zilipokuwa zikija kupiga madaraja upande wa Zambia. Jamani, mimi nimezaliwa hapa hapa! Lakini miguu ilitaka kunyooka, nikafuatana nao. Tulipoingia kwenye uwanja wa kuegesha malori nikapajua mara moja. Ndipo palipokuwa kwetu.

Basi, enzi hizo balozi wa nyumba kumi alipita akiagiza kila kaya ichimbe handaki. Baba alikuwa dereva wa lori. La kwetu alilichimba mwenyewe nyuma ya jiko, siku zake za mapumziko, akatoka humo mwekundu kwa udongo mpaka tukamcheka. Shuleni mwalimu akipuliza filimbi tulilala kifudifudi na vumbi puani. Nyumbani, handaki lilitekwa na bibi, mama yake baba. Alikuja kutoka Ihanda na mikungu ya ndizi, akaivundika humo kwa majani makavu. "Mabomu hayajafika, ndizi zimefika," alisema, na mama alinuna kweli kweli. Sisi watoto tulishuka eti kufanya mazoezi, tukapanda midomo inanata.

Kisha baba akavuka mpaka na shehena ya mahindi, na habari zikaja kwamba daraja limepigwa. Malori mengine yalirudi moja moja. La kwake halikurudi. Kila jioni mama alisonga ugali wa kumtosha na yeye, na asubuhi sisi tulikula kiporo chake kwa chai. Mpaka leo kiporo cha ugali hakinipiti kooni. Majirani walipotaka kuja kukaa matanga, mama aliwafukuza: "Mnamlilia nani? Mmeona maiti?" Nami nilimchukia kila aliyenipa pole.

Mahindi yalipovunwa, bibi alisema mwanawe hawezi kuendelea kuzurura bila pa kulala. Akatoa koti la baba la kanisani na viatu vyake, akavifunga kwenye blanketi. Mchungaji alisitasita, maana maiti hakuna. "Wewe omba tu, mchungaji," bibi akamwambia. "Mungu anajua tunamzika nani." Tukamzika handakini, kwa kuwa alilichimba kwa mikono yake. Mama alipotupia udongo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza, na mimi, mtoto, nikajisikia nafuu ya ajabu. Kila Pasaka tulifyeka majani pale, tukakaa naye, tukala.

Bibi na mama walipofariki, baba zangu wadogo wakauza kiwanja bila hata kuniuliza. Hilo sijawasamehe. Jiko halipo, balozi hayupo, hata mteremko tuliokuwa tukiserereka juu yake utotoni umesawazishwa kwa greda. Pamebaki kokoto na mafuta ya dizeli yaliyomwagika.

Kijana akawaonyesha wageni kwamba hapo palikuwa na handaki, na mmoja wao akauliza kama liliwahi kumfaa mtu. Kijana akatabasamu. "Hapana, tunamshukuru Mungu. Lilifukiwa tu, hakuna aliyewahi kulitumia."

Nikamshika mkono. "Baba yangu yumo, mwanangu."