Posa na gesi mpya ya kiyoyozi

Leo baba wa mchumba wangu amenikuta nimelala kifudifudi uani.

Alikuwa anakuja kujibu posa. Nikamwita fundi wa kiyoyozi ili sebule ipoe.

"Gesi hii mpya haiharibu hewa kama ile ya zamani," akasema fundi. "Ila inashika moto."

Bibi yangu, aliyeishi porini akijificha ndege za mabomu wakati wa vita vya ukombozi, akalimwagia maji jiko la mkaa. Mara mpira wa gesi ukapiga mluzi.

"Tokeni. Laleni chini," bibi akaamuru.

Tukalala, na fundi pia. Nani abishane na bibi?

Baba wa mchumba akaingia amevaa kanzu nyeupe. Akalala karibu na bibi, akanong'ona, "Kamarada, ndege ngapi?"

"Hakuna ndege. Kiyoyozi."

Hakuinuka.

Posa tumeizungumza hapohapo chini, amekubali.

Ninyi mlijibiwa mkiwa mmekaa?