Vipimo vya Zamani

Wifi yangu ni fundi cherehani na ana ukaidi mmoja: hashoni kwa vipimo vya zamani. Hata mama yake mzazi akija anapimwa upya, kifua, kiuno, nyonga. Mimi ninayemsaidia kushona vifungo nilikuwa namcheka.

Ana kisukari tangu usichana. Alipopata mimba aliwahi kliniki, akaomba afuatiliwe kwa karibu, kwani nyumbani hakuwa na kipimo cha sukari. Nesi mmoja, daima ana haraka, akawa anajaza kadi bila kumtoboa kidole. Alidai damu aliyotoa siku ya kwanza inatosha. Miezi minne mfululizo aliandika tano nukta mbili, na wifi akaamini sukari imetulia.

Mtoto alizaliwa na tundu kwenye moyo. Daktari alisema hawezi kuapa, ila sukari ikipanda miezi ya mwanzo, moyo unapoumbwa, hatari huwa kubwa. Wifi alipokwenda kulalamika, nesi alimjibu kuwa wenye kisukari hawapaswi kuzaa.

Mimi ningemvaa palepale. Wifi alirudi nyumbani, akamlea binti yake anayeishiwa pumzi kwa hatua kumi tu.

Mwaka wa tatu, wiki moja kabla ya upasuaji wa mtoto, nesi yule akaleta kitambaa cha gauni. Anastaafu, atapewa cheti mbele ya watu. Wifi alimtambua mara moja. Wagonjwa ni wengi, nesi ndiye aliyekuwa amesahau. Vipimo vyake vilikuwamo kwenye daftari letu la sare za kliniki, tulizoshona miaka sita nyuma. Wifi alisema hana haja ya kumpima, na nesi akafurahi kuokoa muda.

Siku yenyewe asubuhi alikuja kulivaa gauni kwetu. Zipu iligoma katikati ya mgongo.

"Hukunipima," akasema.

Wifi akaiweka ile kadi ya kliniki mezani. "Na wewe hukunipima, sista. Gauni lako nalifumua sasa hivi. Kifua cha mwanangu wanakifumua Jumatatu."

Nesi alisoma mwandiko wake, akakaa. Roho yangu ilisuuzika, sifichi.

Wifi akachukua futi, akamwambia asimame. Akampima taratibu, mabega, kifua, mikono yote miwili, akiandika kila namba. Saa ya cheti ikafika, ikapita. Alirudia kiuno mara ya pili, asije akakosea.