Ndege Mbili Juu ya Bi Pipa

Bi Pipa hakuwahi kupanda ndege hata siku moja, lakini milio yake aliijua kama mama anavyojua kikohozi cha wanawe. Kwa miaka kumi na tisa aliuza mafuta kwenye kiwanja kidogo cha ndege kisicho na mnara wa kuongozea. Jina alibandikwa kwa kuviringisha mapipa peke yake hadi penye pampu. Mumewe alifyeka nyasi za kiwanja hicho hicho. Marubani walijiongoza wenyewe: kila mmoja alitangaza redioni yuko wapi na anaelekea wapi, wakapishana. Bi Pipa naye alikuwa na redio ya mkononi, imetundikwa msumarini stoo, ili ajue nani anakuja kujaza mafuta.

Asubuhi hiyo alikuwa akichuja mafuta aliposikia sauti ya rubani mmoja wa kike, aliyezoea kumwita shangazi.

"Nimekata kona ya mwisho, nashuka kutua. Nina abiria wanne."

Bi Pipa akafuta mikono, akatoka kumpokea. Ndipo aliposikia mlio wa pili.

Akakinga jua kwa kiganja. Ndege ya yule binti, yenye mabawa juu ya paa, ilikuwa ikishuka taratibu. Juu yake, nyuma kidogo, kulikuwa na nyingine, nyeupe, mabawa yake chini ya tumbo, nayo inashuka kwa kasi zaidi. Rubani wake hakuwa ametamka neno redioni. Wa chini hawezi kuona juu, mabawa yamemziba. Wa juu hawezi kuona chini, mabawa yamemziba vilevile. Na wote wawili macho yao yako kwenye barabara moja ya kutua.

"Hawaonani," alisema mumewe, fyekeo mkononi.

Bi Pipa alikuwa ameshaingia stoo na kutoka na redio.

"Mama watoto, wewe si mnara. Likiharibika jambo, watakubebesha lawama wewe."

"Wanibebeshe."

Kidole kilichojaa mafuta kikateleza kwenye kitufe. Akakifuta kwenye kanga, akabonyeza tena.

"Mwanangu, ni shangazi wa mafuta. Kuna ndege juu yako, mgongoni kabisa, inakushukia. Haisemi."

Zile ndege zilizidi kukaribiana, hata vivuli vyake nyasini vikaanza kugusana.

"Upande gani, shangazi?" binti akauliza.

Bi Pipa akazipa ndege mgongo, ili kushoto kwake kuwe ndiko kushoto kwa rubani, akageuza shingo kutazama.

"Kushoto kwako, kwa juu. Kulia hakuna kitu."

Ndege ya chini ikainama kulia, injini ikanguruma, ikapita karibu na paa la stoo hadi mabati yakatetemeka. Ile nyeupe ikashuka pale pale mwenzake alipokuwa, ikatua vizuri kana kwamba hakuna kilichotokea. Bi Pipa akakaa chini, kwenye changarawe.

Rubani wa ndege nyeupe, mzee mpole, alishuka akitabasamu. Alipoambiwa, alirudi kuitazama redio yake. Ilikuwa bado kwenye masafa ya kiwanja alikotoka. Muda wote huo alikuwa akiwatangazia watu wengine kabisa.

Binti alizunguka, akatua. Aliwateremsha abiria wake kwanza, hao wakilalamikia ile kona kali, kisha akamfuata Bi Pipa.

"Ilikuwa mbali kiasi gani?"

"Kama kutoka hapa hadi kwenye pampu."

Binti akaitazama pampu. Zilikuwa hatua chache tu.

Wiki iliyofuata akaja bwana wa ofisi ya viwanja vya ndege na barua: muuza mafuta asiongoze ndege. Bi Pipa aliisoma mara mbili.

"Na kusema ninachokiona, mwanangu, nako ni kuongoza?"

Yule bwana akafikiri, akakuna shingo.

"Unachokiona, mama, kiseme."

Bi Pipa akatia sahihi kwamba barua imemfikia, akarudi kwenye mapipa yake.